Baharia na Mkewe Waenda Suva

Kwa kuiga watu, Niutao nzima haikuwa na wa kumfikia Sulufaiga. Alimwiga mchungaji akipanda mimbari na goti lake bovu, akamwiga katibu wa baraza akiitafuta miwani iliyo usoni pake, akamwiga hata nguruwe wa jirani aliyekuwa akikohoa kama mzee. Watu wakishashiba kwenye maneapa, ule ukumbi wetu wa kisiwa, na mazungumzo yakaanza kulegea, lazima sauti ingetoka upande wa kina mama: "Sulu! Tuletee wifi yako!"

Naye alisimama. Wifi yake aliitwa Teretia. Alikuwa mke wa kaka yake Tinilau, aliyekwenda kuchimba fosfati Nauru akarudi na mwanamke wa Kiribati. Tinilau alifariki, Teretia akabaki. Kwa jumla ilikuwa miaka ishirini na minane tangu ashuke pale ufukweni, na nyumba yake ilitazamana na ya Sulufaiga, jiko kwa jiko. Lugha yetu aliijua yote, ila ulimi wake uligeuza kila L ikawa R. Siku ya kwanza alipowapikia wakwe alitoka mlangoni akatangaza kwa adabu zake zote: "Chakura tayari! Karibuni kura!" Basi, ikawa ndiyo hiyo. Sulufaiga alijifunga kitambaa kichwani kama wifi yake, akakunja mikono tumboni, akatoa macho: "Kura, shemeji, kura, usione haya kura!" Watu walipiga mapaja mpaka yakauma. Teretia naye alicheka, akiutazama mkeka aliokalia. Tangu mazishi ya mumewe hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno ukumbini.

Mume wa Sulufaiga, Lotoala, alikuwa fahari ya namna nyingine. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha injini, meli za Wajerumani, nchi thelathini na saba. Aliporudi moja kwa moja, masikio yamepungua usikivu na kucha hazitakati tena, hapakuwa na jambo lililotajwa mbele yake ambalo hajaona kubwa kuliko hilo.

"Mvua ya leo, babu wee, imetukomesha," mtu angesema.

"Hii? Hii manyunyu. Ungeiona ya Santos."

"Shelisheli za mwaka huu zimenenepa."

"Rotterdam wana kabichi, bwana, ukiibeba unahitaji mwenzako."

Na kwa mkewe alikuwa na neno lake moja, la mapenzi lakini la kuchoma: "Wewe mke wangu ni mtu mwema, ila hujatoka. Tembea uone. Asiyetembea atajuaje?"

Sulufaiga aliamini. Kwa nini asiamini? Yeye alikuwa amefika Funafuti, makao makuu yetu, mara moja tu, kwenye arusi ya binamu, akatapika kwenda na kurudi. Miaka yote ile mume akiwa majini, yeye alilea watoto wanne, akachimba shimo la mapulaka, magimbi yetu ya kinamasi, kwa mikono yake, na kila kadi iliyoletwa na meli, yenye mnara au daraja au kanisa lenye ncha mbili, aliibandika ukutani juu ya kitanda. Alipolala alikuwa na dunia nzima juu ya kichwa chake. Alijua mumewe anaishi humo.

Macho yalianza kumsumbua akiwa na miaka hamsini na tisa. Kwanza alisingizia moshi wa jikoni. Halafu mikeka ikaanza kumsaliti. Mikono yake ilijua kazi, lakini miyaa myeusi iliingia palipotakiwa nyeupe, na pindo likaenda mrama. Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Teretia, aliyekaa naye kivulini wakisuka.

"Wifi," alisema taratibu, "ukiri wako umekwenda upande."

"Ukiri!" Sulufaiga aliangua kicheko. "Mnamsikia? Ananitaka nikiri! Nimetenda dhambi gani, wifi?"

Kina mama wengine wakacheka. Baadaye, wengine walipokwenda kuchota maji, Teretia aliuvuta ule mkeka, akafumua upana wa viganja viwili, akausuka upya, akaurudisha mahali pake.

Muuguzi wa zahanati alimulika tochi ndogo, jicho hili, kisha lile, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na yule wa kulia ameshakuwa mtu mzima. Atapelekwa Suva, huko Fiji, akafanyiwe upasuaji. Achague mtu wa kumsindikiza.

"Achague nini tena?" Lotoala alisema, kifua mbele. "Suva naijua kama kiganja changu. Nimetia nanga pale mara kumi na moja."

Safari ya meli hadi Funafuti haikuwa na jipya: Sulufaiga alitapika. Lakini kwenye ndege, lazima tuseme kweli, Lotoala alikuwa mwalimu mzuri. Alimfunga mkanda, akampa peremende kwa ajili ya masikio, akamwambia ule mngurumo ni magurudumu yanaingia ndani wala hakuna kilichovunjika. Sulufaiga aliinamia dirisha na jicho lake la kushoto, lile lenye nafuu kidogo. Chini, Funafuti ilikuwa kipande cha ukili mtu alichokitupa majini.

"Ndiyo yote ile?" aliuliza.

"Ndiyo yote."

"Na sisi hugombana kwa ajili ya mipaka!"

Suva iliwapokea kwa mvua. Walipewa chumba katika nyumba ya wageni ya wagonjwa wa visiwani, na kesho yake asubuhi Lotoala alitoka mbele, mwavuli mkononi, kumpeleka mkewe hospitali. Walitembea. Walipanda kilima, wakashuka kilima, wakapita kanisa, wakapinda kushoto, wakatokea bandarini.

"Tumepitiliza kidogo," Lotoala alisema.

Wakarudi. Wakapinda kulia penye duka la vitambaa, wakafuata ukuta mrefu, wakapita bustani, wakatokea bandarini.

"Barabara wamezibadilisha hawa."

Mara ya tatu Sulufaiga hakuhitaji hata kuambiwa. Alisikia harufu ya mafuta mazito na milio ya winchi. "Baba watoto," alisema, "hiki kiganja chako kina mstari mmoja tu?"

Lotoala alisimama na mwavuli wake, akilitazama lango la bandari jinsi mtu anavyomtazama rafiki aliyemwangusha. Kumwuliza mtu njia hakukuweza. Baharia wa nchi thelathini na saba aulize njia!

Basi aliuliza Sulufaiga. Palikuwa na mama Mfiji aliyepanga mihogo yake chini ya turubai. Sulufaiga alichuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akagusa jicho lake na kusema neno la kwetu: "Mata."

"Mata?" Yule mama alishangaa, akagusa la kwake. "Mata!"

Kumbe jicho ni mata kwao na mata kwetu. Sulufaiga alifurahi hata mtu asiyejua angedhani ameokota lulu. Akaonyesha samaki aliyening'inizwa meza ya pili. "Ika?" Ika, mama akakubali, samaki ni ika, ingekuwa nini tena? Akaonyesha nazi. Niu! Niu, ndiyo! Wakahesabu vidole, na tatu ilikuwa tatu yetu na tano ilikuwa tano yetu, wakapigana mabega kwa kucheka. Mwishowe yule mama alimwachia jirani mihogo yake, akamshika Sulufaiga mkono, akawapeleka mpaka mlangoni pa hospitali. Lotoala alifuata nyuma na mwavuli.

"Kumi na moja," Sulufaiga alimnong'oneza mumewe kwenye benchi la kungojea. "Ulitia nanga mara kumi na moja, na hukuniambia kwamba hawa ni ndugu zetu."

"Sikujua," Lotoala alisema.

Jicho la kulia lilifanywa kwanza. Wodini kitanda cha pili kilikuwa cha mama wa Kihindi wa huko huko Fiji, jina lake Kamlawati, mnene, mcheshi, naye jicho moja limefungwa. Hawakuwa na lugha moja ya maana. Walikuwa na Kiingereza cha shule, maneno yasiyofika mia kwa Sulufaiga, na Kifiji ambacho Kamlawati alikijua tangu utotoni na Sulufaiga alikuwa akikiokota kama mtu anayeokota kuni, kila kitu kinachoshikika. Siku ya tatu walishajua majina ya watoto wa kila mmoja, nani ameolewa vibaya, na nani hatumi salamu.

Tatizo lilianza hapo kwenye kuokota. Asubuhi daktari alipopita, Sulufaiga alitaka kumwambia kwa Kifiji kwamba jicho linawasha. Alikosea mahali fulani katikati ya neno. Daktari akainua nyusi. Muuguzi, dada mmoja mrefu aitwaye Vasiti, akaziba mdomo kwa faili.

"Nimesema nini?"

"Umesema, mama," Vasiti alijibu akijikaza, "kwamba jicho lako linacheza ngoma."

Wodi nzima ilicheka, na Sulufaiga alicheka kuliko wote. Aliinuka hata kitandani akaonyesha jicho linavyocheza, mikono hewani, kiuno kikizunguka ndani ya gauni la hospitali. Tangu hapo kila aliyeingia alimsalimu hivyo. Mfagiaji: "Mama, jicho linacheza?" Mleta uji: "Linacheza leo?" Alijibu kila mara, na kila mara wakacheka.

Siku ya sita alikuja mgeni wa mgonjwa mwingine, mwanamke aliyevaa vizuri, na binti zake wawili. Walikuwa wameshahadithiwa. Walimjia kitandani wakiwa tayari wanatabasamu.

"Ni huyu? Sema, mama. Sema lile neno."

Sulufaiga alilisema.

"Tena! Sema tena, binti yangu hakusikia."

Alilisema tena. Wakacheka, mmoja wa wale mabinti akalirudia kwa kuiga, na aliiga vizuri, lazima akubali, aliipata hata ile sauti ya puani. Kisha wakamgeuzia mgongo wakaendelea na mazungumzo yao, wala hawakumwuliza jina.

Sulufaiga alilala chali. Aliukunja ulimi kinywani akaupima, kana kwamba umeota pembe. Wale watu hawakuwa wabaya. Hata chungwa walimwachia juu ya kabati. Ndiyo maana hakujua amkasirikie nani. Mchana wote ule alipotaka kitu alionyesha kwa kidole, na Kamlawati alipomwuliza kwa macho kuna nini, alitikisa kichwa. Alichokuwa akikiona, kwa jicho lililofungwa na kwa lisilofungwa pia, ni Teretia akiutazama mkeka.

Jioni Lotoala alikuja kumwona, kama kila siku. Walikaa kwenye veranda ya wodi, mbele yao vilima na mabati na mvua. Alikuwa amekonda. Mkewe aligundua kwamba wiki nzima alikuwa akila biskuti na samaki wa kopo chumbani.

"Mji umejaa vyakula, Lotoala."

"Sijui mahali pa kuingia."

"Kwani kule kote ulikokwenda ulikuwa ukiingia wapi?"

Lotoala alikung'uta maji ya mwavuli wake. Kisha akasema, "Meli siku hizi haikai. Makontena yanashuka kwa saa tisa, saa kumi. Wewe uko chini unabadilisha vichujio. Ukipata ruhusa unakwenda hadi langoni, nje ya lango kuna duka la baharia, unanunua sabuni na kadi, unarudi."

"Kadi," Sulufaiga alisema.

"Kadi."

"Ule mnara. Na lile kanisa la ncha mbili."

"Sijawahi kuliona. Wanasema ni mbali na bandari."

Alitaka kukasirika. Miaka ishirini na sita! Alikuwa amemwonea wivu mtu huyu, yeye mwenyewe yuko ndani ya shimo la mapulaka, tope magotini, akimwazia akitembea kwenye yale madaraja. Lakini kilichotoka kilikuwa swali.

"Nyumba ngapi uliingia? Nyumba ya mtu. Ukakaa, ukapewa kitu."

Lotoala alifikiri. Mtu angedhani anahesabu, lakini hakuwa na cha kuhesabu. "Moja. Valparaiso. Mzee mmoja alikuwa akiuza kamba karibu na lango, mvua ikaja, akanivuta kwake ghorofani. Alinipa chai na mkate wenye nyama. Bibi yake alinikausha nywele kwa taulo, kama mtoto. Nilikaa robo saa, meli ikapiga honi." Alijikuna kidevu. "Hii sijamwambia mtu. Si hadithi, unajua. Hakuna kitu kikubwa ndani yake."

"Basi mvua ya Santos?"

"Mvua ya Santos alinisimulia mpishi."

Sulufaiga alianza kucheka. Hakuweza kujizuia, alicheka mpaka bandeji ikamkaza, na Lotoala, baada ya kumtazama kwa hofu, akaanza naye. Vasiti alitoka kuwaonya kwamba jicho lililoshonwa halitaki msukosuko, akawakuta wawili wameshikana mikono wanalia machozi, mmoja akisema "kabichi!" na mwenzake akijibu "ya mpishi, nayo ya mpishi!"

Kamlawati aliruhusiwa kwanza. Kabla ya kuondoka alichora ramani nyuma ya karatasi ya dawa, akaigonga kwa kidole mara tatu: Jumamosi, nyumbani kwangu, wewe na bwana wako, kula. Hakukubali kutikisiwa kichwa.

Jumamosi walikwenda. Lotoala alivaa shati lake la kanisani. Mlangoni pa ile nyumba alisimama kama mtu anayengoja pasi yake igongwe. Ilibidi Jagdish, mume wa Kamlawati, amshike kiwiko amwingize. Palikuwa na dengu, mchuzi wa bilinganya, achari ya embe iliyomtoa Sulufaiga kamasi, na chapati zikitoka jikoni moja moja, moto moto, kila ukidhani zimekwisha inakuja nyingine. Sulufaiga aliingia jikoni bila kukaribishwa akaomba mti wa kusukumia. Chapati yake ya kwanza ilikuwa na umbo la kisiwa cha Vaitupu. Kamlawati aliiinua juu, akaizungusha kuwaonyesha watu, halafu akaila yeye mwenyewe.

Baada ya chakula Jagdish, ambaye alikuwa fundi wa nguo, alimwonyesha Lotoala cherehani ya zamani iliyokataa kufanya kazi tangu Krismasi. Lotoala aliikunjia mikono ya shati la kanisani. Saa mbili nzima hakuna aliyewasikia ila "hm" na "aa" na "lete hapa". Walipotoka, cherehani ilikuwa ikiimba, Lotoala alikuwa na grisi mpaka paji la uso, na alijua kwamba Jagdish alizaliwa mashamba ya miwa huko kaskazini, kwamba baba yake alikuwa mwimbaji, na kwamba alimkimbia mwalimu wake wa hesabu.

"Umejuaje yote hayo?" mkewe aliuliza wakirudi.

"Nilimwuliza," Lotoala alisema, akishangaa mwenyewe.

Walikaa Suva wiki sita, mpaka jicho la pili nalo likafunguliwa. Jumamosi zote zilizobaki walikula kwa Kamlawati.

Siku waliyorudi kisiwani, boti ya meli ilipovuka mlango wa mwamba, Sulufaiga alimwona kila mtu aliyesimama ufukweni, uso kwa uso, hata waliozeeka wakati macho yake yamefungwa na ukungu. "Mungu wangu, Apinelu," alimwambia katibu wa baraza, "hizi mvi umezipata lini?"

"Miaka mitano, mama. Karibu tena duniani."

Jioni ile palikuwa na karamu, na kwa desturi aliyesafiri lazima aseme. Apinelu ndiye aliyeuliza, kwa sauti yake ya mkutano: "Sasa tuambie, mama. Siku zote Lotoala hutuambia tutembee tuone. Je, ni kweli kutembea kunamfungua mtu akili?"

"Akili sijui," Sulufaiga alisema. "Mimi nilikwenda kufunguliwa macho."

Ukumbi ulilipuka. Ndipo alipoanza. Alimwiga Lotoala na mwavuli, akipanda kilima, akishuka kilima, akitokea bandarini. Akipinda kulia, akitokea bandarini. Lotoala alicheka na watu mpaka akakohoa. Akajiiga mwenyewe mbele ya daktari, jicho likicheza ngoma. Mchungaji aliondoa miwani akajifuta. Na wakati kicheko hakijatulia, sauti ile ile ya kila siku ikatoka upande wa kina mama: "Sasa wifi! Tuletee wifi yako!"

Sulufaiga alikuwa bado amesimama. Alimtafuta Teretia kwa macho yake mapya, akamwona nyuma, karibu na nguzo, ameshaanza kutabasamu lile tabasamu lake la kungoja.

"Wifi yangu yuko pale," alisema. "Anayemtaka amwite mwenyewe." Akaketi.

Watu walitazamana. Walidhani amechoka na safari. Lotoala, kuokoa jahazi, akasimama akasema kwamba yeye kwa kweli Suva hakuijua, na nchi nyingine nyingi pia hakuzijua, ila injini zake alizijua vizuri. Hapo walidhani amelewa.

Asubuhi Sulufaiga alivuka uwanja kwenda jiko la pili. Alikuwa amepanga maneno tangu kwenye meli, maneno mazuri, lakini Teretia alikuwa akikuna nazi na hakuinua kichwa, na yote yakamtoroka.

"Wifi, nilikuwa nikikuiga."

"Najua. Nirikuwepo."

"Miaka ishirini na minane."

"Najua kuhesabu vire vire."

"Nimekuja kukuambia sitakuiga tena."

Teretia aliweka mbuzi ya nazi pembeni. "Mbona usiniige? Unamwiga mchungaji, unamwiga Apineru, unamwiga nguruwe. Mimi nimefanya nini nitorewe?" Akapangusa mikono. "Kirichoniudhi si kuniiga, wifi. Unaniiga vibaya! Mimi sitoi macho vire. Na sijawahi kukunja mikono tumboni maisha yangu. Huyo unayemwiga simjui ni nani. Hujawahi hata kuniangaria."

Sulufaiga alimkazia macho yake mapya.

"Tena unajua neno gani ra kwetu? Moja?"

"Sijui hata moja," Sulufaiga alikiri.

"Haya, sema kura. Kwetu kura ni amarake."

"Amalake."

"Amarake."

"Amalake!"

Teretia alimtazama. Midomo ikaanza kumcheza. "R, wifi. Amarrrake."

"Ndivyo ninavyosema! Amalake!"

Kicheko kilichomtoka Teretia hakuna aliyewahi kukisikia Niutao. Kilikuwa kicheko kinene, cha kuinama, cha kushika nguzo ya jiko. Watu wa nyumba tatu walitoka nje kuona kuna nini. Walimkuta mjane wa Tinilau ameketi chini anapiga ardhi kwa kiganja, na Sulufaiga amesimama mbele yake, mwekundu, mkaidi, akiurudia ulimi wake ule ule: "Amalake! Amalake! Kosa liko wapi?"

Mpaka leo Sulufaiga hawezi kuitamka R. Nyimbo mbili za Kiribati anazijua, na huziimba kwa L.

Lotoala naye hakuacha kusimulia, angeacha vipi? Ila hadithi zimekuwa fupi, na mara nyingi zinaishia, "Hapo sikuuliza, nilikuwa mjinga." Na kila meli ya mizigo ikija, yeye hushuka ufukweni mapema. Mabaharia wanaoleta magunia na mapipa kwa boti, wengine wa visiwa vya mbali, mmoja aliwahi kuwa Mfilipino, huwashika viwiko kama Jagdish alivyomshika yeye. "Kwangu ni hapo hapo. Robo saa. Mke wangu anapika chapati." Wengi husita, wakitazama boti. Yeye hawasikilizi.

Mwaka juzi alimleta kijana fundi wa injini kutoka Rotuma, aitwaye Fesaitu, aliyesema ana dakika kumi tu. Sulufaiga alimpa chapati na samaki, Teretia akaja na pulaka ya tui, mazungumzo yakageukia pampu fulani ya maji ambayo Lotoala alikuwa na maoni juu yake, na meli ilipopiga honi hakuna aliyeisikia, kwa maana Lotoala hasikii vizuri na wengine walikuwa wakicheka. Walipofika ufukweni ilikuwa kidoa upande wa magharibi.

Fesaitu alikaa nasi siku kumi na nane, mpaka meli iliporudi. Alitengeneza pampu ya zahanati, akacheza mpira na timu ya kijiji cha pili na kutufunga, akaezeka upya jiko la Teretia. Mwanzoni alihangaika sana kuhusu nahodha wake. Siku ya mwisho, boti ikimngoja kwenye maji, alikuwa bado yuko juu ya paa akifunga makuti ya mwisho, na Sulufaiga na Teretia wako chini wanampigia kelele, mmoja kwa L na mmoja kwa R, ashuke kabla hajaachwa tena.